Msiisingizie laptopu ya mtumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji mwenzetu wa wiki iliyopita aliyesema wanafunzi wa vyuo wakatazwe kuingia maabara na laptopu za mtumba kwa sababu eti zinakrashi ovyo na kuwapotezea wenzao muda. Mi ni fundi wa laptopu hapa Kariakoo, mwaka wa 11 huu niko kwenye kibanda changu, na hizo hizo za mtumba ndo zinanilipia kodi ya chumba na ada ya watoto, kwahiyo mtu akisema natetea ugali wangu sitabisha, ni kweli nautetea. Lakini nina kisa kimenitokea mwenyewe na nimekimaliza kwa mkono wangu, kwahiyo nisikilizeni.

Kwanza nikubali yanayokubalika. Laptopu ya mtumba ina magonjwa yake. Betri inakaa dakika 20 imekata, bawaba zimelegea skrini inalala chali, diski inakwaruza kama panya yuko darini, feni imejaa vumbi la Ulaya na la kwetu juu yake. Na wapo wenzetu wanaobandika stika ya i7, ya mashine kali, kwenye i3 ya chini, hao Mungu anawaona. Hayo sikatai. Ninachokataa ni hii tabia ya programu ikianguka tu, mtu anaangalia laptopu ina mkwaruzo kwenye mfuniko, basi kesi imeisha, mshtakiwa ni laptopu.

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili, chuo sikitaji. Alipopata nafasi nilimpa ThinkPad T420, ile nyeusi ya 2011, nikaitoa diski nikaweka SSD, RAM nikajaza GB 8, nikamwekea Ubuntu (mfumo wa Linux, badala ya Windows), mashine imetulia kabisa. Semista hii wana somo la jinsi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inavyofanya kazi ndani yake. Sasa huwezi kumpa kila mwanafunzi prosesa aipasue, kwahiyo wanatumia simuleta, yaani programu inayojifanya prosesa. Unaipa amri zako, inazisoma moja moja, inajumlisha, inasogeza biti (zile 0 na 1 zinazounda namba), inaandika kwenye rejista (visanduku vya kushikia namba ndani ya prosesa), na wewe unaangalia kila hatua kwenye skrini kama unaangalia mtu anapika. Prosesa wanayoiiga ni RISC-V, ule muundo ulioanzia Chuo Kikuu cha California pale Berkeley mwaka 2010, ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia bila kulipia leseni, ndo maana walimu wengi wameupenda. Na hiyo simuleta hawakuinunua, waliiandika wenyewe pale chuoni kwa lugha ya C, na kwa hilo nawapongeza sana tu, isije ikaonekana nawachukia.

Tatizo, wanafunzi walipewa kwenye flashi faili moja ambalo tayari limeshakompailiwa, yaani limeshageuzwa kuwa amri za prosesa. Kodi yake hawakupewa (nasema kodi ya programu, yale maandishi ya C yenyewe, siyo ile ya TRA).

Wiki mbili za kwanza mambo safi. Kujumlisha, kutoa, kuruka mstari, vyote vilikubali. Wiki ya tatu wakapewa kazi ya kuzidisha namba kwa kusogeza biti kushoto, si unajua ukisogeza biti mara moja kushoto namba imejizidisha kwa mbili, basi kazi ilikuwa hiyo. Mpwa wangu akaandika amri zake, akabonyeza, simuleta ikafunguka vizuri, ikatekeleza amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ilipofika kwenye kusogeza ikafa, ikaacha maneno "Illegal instruction (core dumped)", yaani amri isiyokubalika, basi. Akarudia, palepale. Mwalimu wa maabara akapita akachungulia, hakukaa hata kwenye kiti, akasema hiyo laptopu ya mtumba mbovu, kwenye mashine zetu inafanya kazi, nunua nyingine. Na kweli alipohamia kwenye kompyuta ya maabara kazi ileile ikapita, lakini zile kompyuta hazitoshi darasa zima, foleni ndefu, muda ukaisha, akapata sifuri kwenye maksi 10.

Jioni akaja kibandani kanuna. "Shikamoo mjomba. Laptopu uliyonipa imeniaibisha mbele za watu." Mhariri, hiyo kauli iliniuma kuliko mteja aliyewahi kunirudishia mashine mbele ya wateja wengine. Baba yake alishaanza kupiga hesabu za kuuza pikipiki, na mwenyewe anasema atabana hela ya bumu ale mara moja kwa siku mpaka anunue mpya.

Na mi sitajifanya mjanja, siku ya kwanza nilimwamini mwalimu. Nikasema labda RAM. Nikatoa vipande vyote viwili nikasafisha miguu yake, nikaacha mashine inapima RAM usiku kucha, units za LUKU zikaenda, asubuhi hamna kosa hata moja. Nikasema basi ni joto, nikafungua feni, nikapangusa, nikapaka grisi mpya ya prosesa. Nikawasha. Ikafa palepale. Hapo ndo nikashtuka, kwa sababu hili neno "palepale" kwa fundi ni kubwa sana. RAM mbovu haichagui, leo itakufia kwenye Firefox, kesho kwenye muziki, keshokutwa kabla hata haijawaka vizuri. Joto nalo linataka muda, mashine ipate moto kwanza. Lakini kitu kinachokufa kwenye amri ileile, asubuhi ikiwa baridi na jioni ikiwa moto, kila mara bila kukosa, hicho siyo ugonjwa wa mashine, hicho kimeandikwa mahali.

Nikamwambia mpwa wangu aniitie wenzake wenye laptopu tofauti tofauti waje nazo Jumamosi. Wakaja wanne, kibanda kikajaa, majirani wakadhani nimefungua tuisheni. Na hapo ndipo hoja ya msomaji wako ilipoanza kuvunjika mbele ya macho yangu.

Mmoja alikuwa na HP EliteBook 840 G1, mtumba, imechubuka kila kona, prosesa yake i5 ya Intel ya kizazi cha nne. Simuleta ikapita mwanzo mpaka mwisho bila tabu. Mwingine alikuwa na EliteBook 8470p, mtumba pia, kizazi cha tatu, hiyo ikafa kwenye kusogeza biti kama ya mpwa wangu. Wa tatu sasa, binti mmoja, baba yake kasikia mambo ya mtumba akaenda kumnunulia mpya dukani, bado ina nailoni kwenye mfuniko, laki sita na nusu, ndani ina prosesa ya Celeron N4020. Hiyo haikufika hata kwenye kusogeza biti. Ikafa pale pale ilipofunguliwa, skrini haijaonyesha rejista hata moja. Yaani mpya kutoka kwenye boksi imeshindwa vibaya kuliko ya 2011, na ya mtumba ya kizazi cha nne imepita! Nikamwangalia yule binti nikamwonea huruma, maana yeye hakuwa hata na mtumba wa kusingizia. Wa nne alisahau chaja, tukamwacha anatazama.

Kwahiyo siyo umri, siyo mtumba. Kuna kitu baadhi ya prosesa zinacho na nyingine hazina.

Nikachukua T420 nikaifungua simuleta ndani ya GDB, hiki ni kifaa cha kuangalia programu ikiwa inatembea, ikifa inakufia mkononi mwako na unaweza kuuliza ilikuwa inafanya nini dakika ile ya mwisho. Nikaiendesha, ikafa, nikauliza amri iliyokuwa mdomoni mwa prosesa ni ipi. Ikaniandikia shlx. Herufi nne tu, na pikipiki ya watu ilikuwa iuzwe kwa ajili yake.

Niieleze maana hapa ndo penyewe. Prosesa za Intel na AMD tangu zamani zina amri ya kusogeza biti, inaitwa shl, kila mashine inayo. Mwaka 2013 Intel walipotoa kizazi cha nne, kile walichokiita Haswell, wakaongeza kundi la amri mpya linaloitwa BMI2, na ndani yake kuna hiyo shlx, inafanya kazi ileile ya kusogeza ila kwa namna nyepesi zaidi. T420 ni ya 2011, haijui shlx ni nini, ni kama umemtumia mtu meseji kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia, anakwambia hii siyo amri, anakaa chini. Na Celeron N4020, japo imetoka mwishoni mwa 2019, ni ya ukoo wa prosesa nyepesi za bei ndogo ambazo Intel hawakuzipa BMI2 wala hizo amri nyingine kubwa zinazoitwa AVX, kwahiyo yenyewe ilikutana na amri ya AVX mwanzoni kabisa wakati simuleta inajipangia rejista zake, ikaishia mlangoni. T420 toleo la kwanza la AVX inalo, ndo maana ilivuka mlango ikaenda kufia sebuleni. Mtu yeyote mwenye Linux anaweza kuangalia, fungua faili la /proc/cpuinfo, kuna mstari mrefu umeandikwa flags, tafuta bmi2. Kwenye EliteBook ya kizazi cha nne ipo, kwenye zile tatu nyingine hamna. Tukaziangalia moja moja pale kibandani, wale vijana wakawa wanapiga kelele kama wanaangalia penalti.

Lakini nani aliweka shlx kwenye simuleta? Hakuna mwalimu aliyekaa akaiandika. Wao waliandika kwa C, alama mbili za kusogeza, basi. Aliyechagua shlx ni kompaila, ile programu inayogeuza kodi kuwa amri za prosesa. Na kompaila haichagui kwa kichwa chake, inaambiwa. Nikahisi kabisa ni nini, ila kwa faili lililokwisha kukompailiwa huwezi kubadilisha, tukahitaji kodi.

Kuipata kodi ndo ilikuwa kazi kuliko shlx. Mpwa wangu aliomba, akaambiwa hiyo ni mali ya idara. Akaomba tena, akaambiwa mhusika kasafiri. Wiki mbili nzima. Mwishowe akaenda kwa mhadhiri mwenyewe wa somo, mzee mmoja mpole, akamwonyesha picha ya skrini ya GDB, yule mzee akaiangalia akacheka akampa yote kwenye flashi palepale. Kumbe haikuwa siri ya mtu, ni watu tu wa katikati.

Nikafungua faili la maelekezo ya kukompaili, na mstari wa tatu uko pale umekaa: -march=native. Maana ya hilo neno, unaiambia kompaila ya GCC itazame prosesa ya mashine hii hii unayokompailia, itumie kila amri iliyonayo. Ni neno zuri sana kama programu utaitumia wewe mwenyewe hapohapo. Lakini wao walikompailia kwenye kompyuta mpya ya maabara halafu wakagawa kwa darasa zima. Ni sawa na fundi cherehani aliyempima mtoto mmoja, tena aliyenyooka, akashona sare za shule nzima kwa kipimo hicho, halafu wasioenea anawaambia miili yenu mibovu, nendeni mkanunue mingine. Mhariri, najua barua hii ni ndefu na lazima utakata, ila hapo pa cherehani usipakate.

Nikalifuta lile neno moja. Bila hilo, GCC inatumia amri za msingi tu ambazo kila prosesa ya biti 64 ya ukoo huu inazo, tangu AMD walipotoa Opteron mwaka 2003. Nikakompaili upya, haikuchukua hata dakika. T420 ikapita. 8470p ikapita. Celeron yenye nailoni ikafunguka ikaonyesha rejista zote 32, yule binti akaipiga picha. Na kama mtu anaogopa kwamba bila zile amri mpya simuleta itakuwa nzito, nilijaribu simuleta zote mbili, ile ya mwanzo na niliyoikompaili, kwenye EliteBook ya kizazi cha nne, kwa programu yao ndefu kuliko zote, kwa macho sikuona tofauti.

Nilidhani yameisha hapo, kumbe kilichobaki ndo kilikuwa kibaya zaidi.

Wiki ya sita wakafika kwenye kugawanya. Mwenzake mpwa wangu ana jedwali la namba, akasahau kujaza nafasi ya mwisho, ikabaki sifuri. Simuleta ikafa tena, safari hii na maneno mengine, "Floating point exception". Ikafa kwenye laptopu zote, mpya na mtumba, mpaka zile za maabara ambazo zilikuwa zinasifiwa. Ya mhadhiri tu ndo haikufa, yeye anatumia kompyuta ya Apple yenye chipu ya M1, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020, alijikompailia mwenyewe kutoka kwenye kodi. Na yale maneno yaliwapoteza vijana siku tatu, maana yanasema habari za desimali, wakawa wanatafuta desimali kwenye programu isiyo na desimali hata moja. Hiyo ni lugha ya zamani ya Unix, mfumo uliotangulia Linux, jina limebaki tu, siku hizi ukiliona mara nyingi ujue ni namba nzima imegawanywa vibaya.

Kinachotokea ni hiki. Simuleta ikikutana na amri ya kugawanya, inachukua namba mbili za mwanafunzi inazigawanya moja kwa moja kwa prosesa halisi ya mashine. Prosesa ya Intel au AMD ukiiambia igawanye namba nzima kwa sifuri inagoma, inapiga kelele, mfumo unaiua programu. Chipu za ARM, na hiyo M1 ni ya ukoo huo, hazigomi, zinakupa sifuri kimyakimya zinaendelea na safari. Na kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui, hata mi nilikisoma usiku huo. Chukua namba ndogo kuliko zote kwenye biti 32, hasi 2147483648, ukaigawanye kwa hasi moja. Jibu lilitakiwa liwe chanya 2147483648, lakini namba kubwa kabisa ya chanya inayoenea humo ni 2147483647, imepelea moja tu, jibu halina pa kukaa. Intel inagoma vilevile kama kwa sifuri. ARM inakurudishia namba ileile uliyoanza nayo.

Sasa swali lilikuwa nani yuko sahihi, Intel iliyogoma au M1 iliyonyamaza? Wanafunzi wote wakasema M1, si haijafa. Nikawaambia hapana, tuulize prosesa tunayoiiga inasema nini yenyewe, maana simuleta kazi yake ni kumuigiza mtu fulani, siyo kumuigiza mwenye nyumba. Tukafungua kitabu cha kanuni za RISC-V, kipo bure mtandaoni. Kinasema wazi: ukigawanya kwa sifuri, prosesa isigome, jibu la kugawanya liwe hasi moja, na baki iwe ileile namba uliyokuwa unaigawanya. Na ile namba ndogo kuliko zote ukiigawanya kwa hasi moja, jibu libaki ileile, baki sifuri.

Kwahiyo chukua 7 ugawanye kwa 0. RISC-V inataka hasi 1, baki 7. Intel ilikufa. M1 ya mhadhiri ikatoa 0, baki 7. Baki sahihi, jibu siyo! Mashine pekee iliyoonekana nzima ndo ilikuwa inawadanganya, tena inadanganya nusu nusu ili usiishtukie, na tangu mwanzo wa semista kila aliyesema "kwa mhadhiri inafanya kazi" alikuwa anaegemea ukuta wenye ufa. Zile zilizokufa angalau zilikuwa na adabu ya kukwambia kuna tatizo.

Dawa yake ilikuwa mistari michache. Kabla hujagawanya uliza kwanza, kigawanyo ni sifuri? Basi andika hasi moja, usiisumbue prosesa ya mashine. Ni ile namba ndogo kuliko zote na kigawanyo ni hasi moja? Irudishe ilivyo. Vinginevyo gawanya. Na kwenye baki uliza maswali hayohayo, ila andika baki zile za kitabu. Mpwa wangu ndo aliyeiandika, mi nilishika tochi tu maana umeme ulikatika tukawa tunatumia betri, na niseme kwa kiburi kabisa, betri ya hiyo T420 ilikaa saa moja na nusu.

Najua kuna atakayesema prosesa zenyewe huwa zinakosea pia. Ni kweli. Mwaka 1994 profesa wa hesabu kule Virginia, Marekani, Thomas Nicely wa chuo cha Lynchburg, aliona mahesabu yake hayalingani kwenye kompyuta yake mpya yenye prosesa ya Pentium ya Intel. Hakumlaumu mtu. Akaanza kuondoa sababu moja moja, akapeleka hesabu ileile kwenye mashine ya zamani ya 486, ikatoa jibu sahihi, mpaka Oktoba akawa na uhakika kwamba ni Pentium yenyewe ndo inagawanya vibaya, na Intel wakaja kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilishia watu. Angalieni hapo, ya zamani ndo ilikuwa sahihi na mpya ndo ilikuwa na kosa. Na alijua kwa sababu alijaribu kwenye mashine zaidi ya moja, kitu ambacho kwa mpwa wangu hakuna aliyekifanya mpaka tulipokifanya wenyewe juu ya meza ya kuuzia chaja.

Kwahiyo ninachoomba kwa vyuo, siyo kile tu, maana wanafunzi wa vyuo vingine wameshaanza kuniletea hadithi zinazofanana, ni kwamba mkigawa programu gaweni na kodi yake, mtoto anasoma kompyuta halafu mnamficha programu, anasoma nini sasa? Na kwenye maabara wekeni mashine moja ya chini kabisa, hata hiyo Celeron, hata T420, mi nitawauzia kwa bei ya hasara, na programu yoyote isigawiwe kabla haijapita pale. Na zile namba za kugawanya za ajabu, sifuri na hasi moja, ziwe mtihani wa kwanza wa simuleta, siyo mtihani wa mwanafunzi. Kwa wanafunzi naomba moja tu, mashine ikifa msije kibandani mkasema "imezingua", nipigieni picha yale maneno yaliyoandikwa na mniambie imefia wapi na kama ukirudia inafia palepale, mnaniokolea usiku mzima na units.

Yule mhadhiri mzee ameshachukua mabadiliko yetu, darasa zima linatumia simuleta mpya sasa. Maksi 10 za wiki ya tatu mpwa wangu bado hajarudishiwa, anaambiwa mfumo umefungwa. Pikipiki ya baba yake ipo, asubuhi ya leo imepita hapa imebeba magunia.

Na wewe msomaji wa wiki iliyopita, sikujui na sina ugomvi na wewe. Kama una laptopu inayokufia, ilete Kariakoo niiangalie, ya kuangalia sitakutoza.

Fundi wa Laptopu,
Kariakoo, Dar es Salaam